Taa ya kisiwani inavyoiongoza meli usiku: uzi kwa watu wa Ziwa Victoria

SukaniMstaafu

Habari za jioni wakuu.

Nimeshika sukani kwenye meli za mizigo kutoka Mwanza miaka mingi kabla ya kustaafu, na vijana huniuliza swali lile lile: taa iliyowekwa kwenye kisiwa ambacho hakina hata duka inaisaidia nini meli inayopita maili kumi mbali nayo? Wengi wanadhani inamulika njia. Haimuliki. Kwa umbali huo mwanga wake hauwezi kukuonyesha hata omo, yaani pua, ya meli yako mwenyewe. Kazi yake ni kujitaja.

Kila taa rasmi ya kuongozea vyombo ina mmweko wake. Moja inamweka mara moja kila sekunde 5. Nyingine inamweka mara mbili za harakaharaka, inakaa giza, kisha inarudia, jumla sekunde 10. Nyingine inakaa inawaka muda mrefu na kuzimika kidogo tu. Mpangilio huo umeandikwa kwenye ramani ya maji kando ya alama ya taa, pamoja na rangi, kimo cha taa juu ya maji na masafa yake kwa maili za baharini. Nahodha akiona mwanga mbele, anashika saa. Anahesabu tangu mmweko unapoanza hadi mmweko ule ule unaporudi kuanza tena. Akipata 10 na ramani inasema 10, ameshajua ni kisiwa gani kabla hajakiona. Akipata 15, basi hayuko alikodhani yuko, na afadhali alijue hilo angali na maji mengi chini yake.

Kwetu ziwani jambo hili lina uzito kuliko watu wanavyofikiri. Pita usiku wa kiza kati ya visiwa vya Kome na Ukerewe wakati dagaa wanavuliwa. Kutoka chumba cha sukani unaona mji mzima umewashwa juu ya maji, taa nyeupe kila upande, nyingine karibu, nyingine mbali. Hapo taa ya kisiwani ikiwa na nguvu lakini haina mmweko wake, haikusaidii. Itakuwa moja tu kati ya zile mia.

Kwa hiyo ninachotaka tukizungumze hapa ni jinsi taa inavyotambulika, na nini kinafanya itambulike au isitambulike. Karibuni, hasa ninyi mnaolala majini.

DagaaKome

Shikamoo mzee. Mimi ndiye mmoja wa hao wenye mji juu ya maji. Karabai kwetu zimekwisha, sasa ni taa za betri na sola, na zinaangaza kweli kweli.

Naomba kuuliza. Sisi usiku tunaijua nchi kavu kwa taa nyekundu za minara ya simu, na ukikaribia mjini unaona taa za hospitali ya Bugando kule juu kilimani. Mchana ni vilima na mawe, kila mvuvi ana yake. Je, hizo si minara ya taa pia?

SukaniMstaafu

Marahaba kijana wangu. Zinasaidia sana na usiziache. Mtu wa majini hatumii alama moja. Lakini mnara wa simu umewekwa kwa ajili ya simu, na taa yake nyekundu ni kwa ajili ya ndege. Ikizimika, hakuna anayelazimika kukuambia wewe uliye majini. Kesho wanajenga mwingine kilima cha pili, unaofanana nao kabisa, na alama yako imekuwa mbili. Taa rasmi ina mwenyewe. Ikizimika au ikibadilishwa mmweko, tangazo linatoka kwa mabaharia na ramani inarekebishwa. Hiyo ahadi ndiyo tofauti.

Fizikia_Nyamagana

Naomba niingie hapa kama mwalimu, maana mzee ametaja kimo cha taa kisha akapita, na kimo ndicho kinachoitenga taa ya kisiwani na taa za dagaa.

Dunia ni mviringo hata ziwani. Ziwa letu lina kilometa za mraba karibu 68,800, kwa hiyo mpindo wa maji unaificha taa iliyo chini mapema na kuiacha iliyo juu. Hesabu wanayoitumia mabaharia ni hii: chukua kipeuo cha pili cha kimo cha taa kwa mita, ongeza kipeuo cha pili cha kimo cha jicho lako, kisha zidisha kwa 2.08. Jibu ni maili za baharini, na maili moja ni mita 1,852.

Tuseme taa iko mita 36 juu ya maji na wewe uko chumba cha sukani, jicho mita 9. Vipeuo ni 6 na 3, jumla 9, mara 2.08 ni maili 18.7, karibu kilometa 35. Sasa taa ya dagaa iko mita 1 juu ya maji. Kipeuo 1 na 3, jumla 4, jibu maili 8.3, kilometa 15 hivi. Maana yake ni kwamba taa za dagaa zilizo mbali zaidi ya maili 8 zimeshazama nyuma ya mpindo wa maji, na ya kisiwani, kama ina nguvu ya kutosha, bado inaonekana juu yake. Mvuvi aliyekaa kwenye mtumbwi, jicho mita 1, ataiona taa hiyo hiyo kuanzia maili 14.6, kilometa 27.

Kuna zawadi nyingine ndani ya hesabu hiyo. Hewa ikiwa safi, kabla taa haijachomoza unaona mng'ao wake angani. Inapochomoza juu ya upeo wa maji kwa mara ya kwanza, ukiinama kidogo inapotea na ukisimama inarudi. Wakati huo unajua umbali wako kutoka kwenye taa bila chombo chochote, kwa sababu hesabu imeshakupa jibu. Wanafunzi wangu huwa hawaamini mpaka tuifanye ubaoni.

Kuhusu nguvu: balbu yenyewe inaweza kuwa ndogo. Siri ni lenzi. Mwanga wa kawaida unamwagika pande zote, wa juu unakwenda angani, wa chini unakwenda kwenye mawe, vyote hasara. Mfaransa Augustin Fresnel aliona kwamba lenzi moja nene ingekuwa mzigo usiobebeka na ingemeza mwanga wenyewe, akaikata iwe pete nyembamba za kioo zilizopangwa moja nje ya nyingine, kila pete ikiukunja mwanga uende mlalo kuelekea upeo. Lenzi yake ya kwanza kubwa iliwashwa mwaka 1823 kwenye mnara wa Cordouan, mlangoni mwa mto Gironde, Ufaransa. Baadaye lenzi za namna hiyo, zenye uzito wa tani, ziliwekwa zielee juu ya beseni la zebaki ili mtu aweze kuzizungusha kwa kidole.

Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: kwenye mnara wa namna hiyo taa haizimiki. Lenzi ndiyo inayozunguka na miali yake inafagia maji. Wewe unaona mmweko wakati mwali unapokupitia. Idadi ya nyuso za lenzi na kasi ya mzunguko ndivyo vinavyotunga mmweko aliousema mzee. Taa za LED za leo hazina haja ya kuzunguka, zinawashwa na kuzimwa kwa saa ya elektroniki, lakini lugha ni ile ile.

KirumbaKwetu

Mwalimu nimekuelewa, ahsante. Lakini hiyo ni wakati taa inachomoza tu. Ikishapanda juu, na iko moja tu, hakuna ya pili ya kulinganisha, nahodha anajuaje yuko mbali nayo kiasi gani? Zikiwa mbili naelewa, unapima mwelekeo wa kila moja kwa dira, unachora mistari miwili kwenye ramani, inapokatana ndipo ulipo.

SukaniMstaafu

Swali zuri sana, na kisiwa cha mbali karibu kila mara kina taa moja.

Shika mwendo mmoja na njia moja iliyonyooka. Pima pembe kati ya omo ya meli na taa. Tuseme ni nyuzi 30 upande wa kulia. Andika saa. Endelea bila kugeuza sukani hadi pembe ile iwe mara mbili, nyuzi 60. Andika saa tena. Umbali uliokwenda kati ya nyakati hizo mbili ndio umbali wako kutoka kwenye taa sasa hivi. Kama unakwenda noti 10, yaani maili 10 za baharini kwa saa, na zimepita dakika 24, umekwenda maili 4, basi taa iko maili 4. Mwalimu atawaambia kwa nini: ni pembetatu yenye pande mbili sawa. Mimi nilifundishwa kwa mkono kabla sijajua jina lake, na mpaka leo naiona kuwa ndiyo hesabu nzuri kuliko zote alizonazo mtu wa majini, maana haitaki kitu zaidi ya dira, saa na uvumilivu.

Inaharibika upepo unapokusukuma pembeni. Kusi ikivuma mwezi wa saba, meli nyepesi inateleza na wewe unaona omo iko pale pale. Basi usichukue kipimo kimoja ukalala. Rudia nyuzi 45 hadi 90, linganisha.

Taa nyingine zinakupunguzia kazi kwa rangi. Mnara unawekewa vioo vya rangi kwa pande zilizopimwa: ukiiona nyeupe uko kwenye maji salama, ikigeuka nyekundu umeingia upande wenye miamba, rudi mpaka iwe nyeupe. Taa ni moja, mahali pako ndipo panapobadilisha rangi. Na kwenye lango la bandari kuna zile taa mbili, ya chini mbele na ya juu nyuma. Zikisimama moja juu ya nyingine uko katikati ya njia. Ukiona ya juu imehamia kulia kwa ya chini, wewe ndiye uliyetoka kulia, rudi kushoto taratibu.

BintiUkara

Salaam kwenu. Mimi ni wa Ukara na nasoma haya nikiwa na uchungu kidogo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati letu, watu 228 wakafa. Wazazi wetu bado wanasimulia meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Kila likitajwa suala la usalama ziwani watu wanataja taa, maboya, rada. Je, taa zingeweza kuwaokoa wale?

SukaniMstaafu

Pole sana binti yangu. Nitakujibu bila kuzunguka: hapana. MV Nyerere ilipinduka mchana, watu wanaiona kutoka nchi kavu, ikiwa na abiria kupita kiasi chake. MV Bukoba ilijaa watu kuliko ilivyoruhusiwa na haikuwa na uthabiti. Hakuna mnara duniani unaoweza kusaidia chombo kilichopakiwa hivyo. Taa inazuia kupanda mwamba na kupotea njia. Upakiaji ni wa nahodha, wa mwenye chombo na wa mkaguzi aliyeko gatini, na sipendi kuona mtu anajificha nyuma ya taa kwenye jambo hilo.

BintiUkara

Ahsante mzee. Nimeridhika kwa sababu umelitenganisha.

Mwanachumbe

Nawasalimu kutoka Unguja. Sisi tuna mnara wa kisiwani ambao bado unafanya kazi, Chumbe, kusini ya mji, uliojengwa mwaka 1904. Meli zinazokuja Unguja na majahazi yanautumia, na mchana nao ni alama, kwa sababu mnara mrefu juu ya miti unaonekana mbali. Msisahau hilo, mnara wa taa unafanya kazi mchana pia, kwa umbo na rangi yake.

Niongeze kidogo kuhusu nani anaiwasha taa ya kisiwa cha mbali. Zamani ni watu. Walikaa na familia au wenzao, wakipandisha mafuta, wakisafisha vioo, wakitia ufunguo mashine ya kuzungushia lenzi kama saa kubwa ya ukutani. Disemba 1900 kwenye visiwa vya Flannan, magharibi ya Scotland, watunzaji watatu walitoweka na hawakuonekana tena. Taa ile ilikuwa na mwaka mmoja tu. Usiku wa tarehe 15 meli iliyokuwa ikipita iligundua kwamba taa haiwaki, lakini habari haikuwafikia wahusika kwa wakati, na chombo cha kupeleka zamu mpya kilifika tarehe 26 kikakuta kisiwa kitupu.

Aliyebadilisha mambo ni Msweden Gustaf Dalén. Alitengeneza taa za gesi ya asetilini zilizomweka zenyewe, na kisha vali inayoendeshwa na jua: ndani yake kuna fimbo nyeusi, mchana inanyonya mwanga na joto, inatanuka kidogo sana na kufunga gesi, jua likizama inasinyaa, gesi inapita, taa inawaka. Hakuna mtu, hakuna umeme. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1912, na mwaka huo huo mlipuko wa gesi kwenye majaribio ulimpofusha macho. Aliendelea na kazi akiwa kipofu. Kwangu mimi huyu ni mmoja wa watu walioitumikia bahari kuliko manahodha wengi maarufu.

Fizikia_Nyamagana

Ahsante sana ndugu wa Unguja, hili la vali ya jua naliingiza darasani wiki hii. Kutanuka kwa metali wanakusoma kila mwaka na mfano ni reli tu.

DagaaKome

Mzee nina jambo linalotusumbua wengi huku. Maji yalipopanda 2020, na tena 2024, mialo yetu ya kupakulia samaki ilizama na kuna mawe ambayo baba zetu walikuwa wanayaona juu ya maji, sisi hatuyaoni. Yapo chini, nusu mita, mita moja. Mtumbwi unapita, boti lenye injini kubwa linapasuka. Taa ya kisiwani inasaidia nini kwa jiwe ambalo liko mbali na kisiwa?

SukaniMstaafu

Umegusa penyewe. Taa ya kisiwani inakupa mahali ulipo kwa ujumla. Jiwe moja moja linataka boya. Kuna maboya yanayoitwa kwa pande za dira. Boya la kaskazini linakwambia maji salama yako kaskazini yake, pita huko. Usiku yote yana taa nyeupe, na unayatofautisha kwa kuhesabu. Fikiria uso wa saa ya ukutani: namba 3 iko mashariki, na boya la mashariki linamweka mara 3. Namba 6 iko kusini, linamweka mara 6 na kufuatiwa na mmweko mmoja mrefu. Namba 9 iko magharibi, linamweka mara 9. La kaskazini linamweka mfululizo bila kupumzika. Ukilishika hilo hulisahau, na hata asiyesoma ramani anaweza kulitumia.

Lakini boya linakaa pale ambapo mtu amepima kina. Maji yakipanda au kushuka, kina cha kwenye ramani nacho hakisemi ukweli wote, kwa hiyo upimaji ni kazi ya kurudiwa. Ninyi wavuvi ndio mnaoyajua mawe hayo kwa majina. Mngekaa na maofisa wa bandari na wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, mkawaonyesha, ingefupisha kazi sana.

KirumbaKwetu

Wakuu, samahani kama nawarudisha nyuma. Simu yangu ina ramani na inanionyesha nilipo mpaka kwenye mita chache. Kwa nini bado tunajenga na kukarabati minara?

SukaniMstaafu

Ramani itumie, mimi mwenyewe nimeitumia. Ila simu inalowa, betri inakwisha, na ramani iliyomo kwenye simu za wengi ni ya barabara, ziwa limechorwa bluu tupu bila mwamba hata mmoja. Kifaa kinakwambia ulipo kwenye picha yake. Taa inatoka kwenye jiwe lenyewe. Nahodha mzuri anaangalia vyote viwili, na vikipingana anapunguza mwendo.

Jambo moja kuhusu dhoruba zetu. Usiku upepo unatoka nchi kavu pande zote na kukutana juu ya maji ya vuguvugu, ndiyo maana radi na mvua kubwa ziwani hupiga usiku wa manane hadi alfajiri. Mvua ile inameza mwanga. Masafa yaliyoandikwa kwenye ramani ni ya hewa safi, macho yanapofika maili 10. Ukiwa kwenye mvua na taa uliyoitegemea haijaonekana, usihesabu kwamba bado uko mbali nayo.

DagaaKome

Nimechukua yote. Mwisho mzee, sisi wavuvi tufanye nini ili taa hizi zitusaidie sisi na meli? Mwaloni kwetu tuna kikao Jumamosi, nataka nikaseme jambo la kufanyika.

SukaniMstaafu

Waambie haya.

Taa zenu wekeni kikinga upande wa juu na wa pembeni, mwanga uende majini kwa dagaa. Mtavua vile vile, na nahodha hatapofuka. Taa za kumweka zile za mapambo msifunge kwenye mitumbwi, hata kama zinapendeza, kwa sababu zinaiga mmweko wa taa rasmi. Chombo kikiwa kimeegeshwa usiku kiwe na taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Msifunge kamba za mitumbwi wala nyavu kwenye boya, linahama mahali pake na kuwa mtego. Na anayeng'oa sola au betri ya boya asionewe haya, ni wa kutajwa kwenye kikao.

Kisha kila mwalo uchague mtu mmoja mwenye simu. Mvuvi akirudi alfajiri akasema taa ya mahali fulani haikuwaka, au imewaka lakini haimweki kama kawaida, mtu huyo anapiga ofisi ya bandari siku hiyo hiyo na kutaja mahali, saa, na idadi ya mimweko aliyoiona. Mmesikia habari ya Flannan: meli iliona, habari ikachelewa. Kwenye ziwa hili ninyi mko majini usiku kuliko meli zote za Mwanza zikiwekwa pamoja, hakuna atakayeona mapema kuliko ninyi.

DagaaKome

Nimeandika. Wa simu nitajitolea mimi.